Kutoka Kiseyeye hadi Fizi Zilizoota Nyama: Historia ya Utambuzi wa Uvimbe wa Fizi na Lugha ya Mahojiano ya Kitabibu katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya namna dalili moja ya kinywa, yaani kuvimba kwa fizi, ilivyotambuliwa na kushughulikiwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa kuzingatia zaidi pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Uchunguzi unaanzia kwenye safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1497–1499, unapitia ugunduzi wa vitamini C, ujio wa dawa za kifafa na za shinikizo la damu, na utafiti wa uvimbe wa taya uliofanywa Kampala, kisha unafikia hali ya sasa ya watu waliohama makazi yao. Hoja kuu ni kwamba dalili imebaki ileile ilhali visababishi vyake vimebadilika, na kwamba kila kizazi cha matabibu kilishawishika kutumia jibu la kizazi kilichotangulia. Kinga dhidi ya kosa hilo ni mahojiano kamili na mgonjwa. Kwa kuwa mahojiano hufanyika kwa lugha, makala inabainisha kwamba istilahi za Kiswahili za maradhi ya fizi si pambo la kamusi, bali ni kifaa cha utambuzi. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaistilahi na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Fizi hazina njia nyingi za kulalamika. Huwa nyekundu, hutoa damu, huvimba, hukua juu ya meno, au hurudi nyuma na kuacha mizizi wazi. Dalili hizo chache zinabeba maradhi mengi yasiyofanana. Fizi zinaweza kuvimba kwa sababu ya ukoga uliogandamana shingoni mwa meno, kwa ukosefu wa vitamini C, kwa ujauzito, kwa dawa anazomeza mgonjwa kila siku, kwa saratani ya damu, au kwa uvimbe uliojificha ndani ya taya. Anayezitazama bila kuuliza maswali huona kitu kimoja tu, ambacho ni nyama iliyovimba.

Katika Kiswahili, neno linalowajia wengi upesi mbele ya dalili hiyo ni kiseyeye. Kamusi hulihusisha neno hilo na ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoa damu kutokana na upungufu wa vitamini C. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, maana yake imepanuka hadi kugusa fizi yoyote inayotoka damu wakati wa kupiga mswaki. Jina la kisababishi kimoja limegeuka kuwa jina la dalili. Upanuzi wa maana wa namna hii ni jambo la kawaida katika semantiki na hauna ubaya wenyewe. Ubaya huanza pale jina linapofunga mlango wa maswali: mgonjwa akishaambiwa ana kiseyeye, huagizwa kula machungwa na safari ya utambuzi ikaishia hapo.

Makala hii inafuatilia historia ya kosa hilo. Haikusudii kuwa mwongozo wa tiba, ingawa inaeleza hatua za msingi za utambuzi na matunzo kwa kadiri zinavyohitajika katika hoja. Inakusudia kuonyesha kwamba katika eneo ambako mgonjwa, mhudumu na jalada la hospitali vinaweza kuwa katika lugha tatu tofauti, suala la istilahi linagusa usalama wa mgonjwa moja kwa moja.

2.0 Mwambao na lugha zake

Pwani inayozungumziwa inaanzia mto Ruvuma, mpaka wa Msumbiji na Tanzania, na kuteremka kupitia Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Kirimba, ambamo kimo kisiwa cha Ibo. Wakazi wake wa kale wa mwambao ni Wamwani, ambao lugha yao ina ukaribu mkubwa na Kiswahili. Kiswahili chenyewe huzungumzwa katika eneo la Palma, sambamba na Kimakwe. Bara kidogo huzungumzwa Kimakonde, na kuelekea kusini Kimakhuwa. Kireno ndiyo lugha rasmi ya nchi, na ndiyo lugha ya mafunzo ya matabibu, ya maandishi ya hospitali na ya maelezo ya dawa.

Mpangilio huu una historia. Kabla ya Wareno kulitwaa eneo la Tungi mwaka 1887, mawasiliano ya watawala wa mwambao yaliandikwa kwa Kiswahili chenye hati za Kiarabu. Barua za namna hiyo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria za Msumbiji mjini Maputo, na zinathibitisha kwamba Kiswahili kilitumika hata katika mawasiliano na maofisa wa Kireno. Chini ya Kampuni ya Niassa, iliyotawala hadi mwaka 1929, na baadaye chini ya serikali ya kikoloni, nafasi hiyo ilifinywa. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, Kiswahili kilipata nguvu mpya kwa sababu wapigania uhuru wengi walipitia Tanzania, na chama cha FRELIMO kiliendesha hospitali yake mjini Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, Kireno kiliteuliwa kuwa lugha ya kuunganisha taifa. Kwa mgonjwa wa Palma au Mocímboa da Praia, matokeo yake ni kwamba maumivu yake yana lugha moja na jalada lake lina lugha nyingine.

3.0 Mwaka 1498–1499: Sifa kwa hewa, lawama kwa hewa

Kisa cha fizi kilichoandikwa kwa ufafanuzi zaidi katika historia ya awali ya mwambao huu ni cha mabaharia wa Vasco da Gama. Merikebu zake ziliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Mwishoni mwa Januari 1498 zilitia nanga kwenye mto ambao Wareno waliuita Mto wa Ishara Njema, katika eneo la Quelimane ya leo, zikakaa hapo takriban mwezi mmoja. Shajara ya safari hiyo, inayohusishwa na Álvaro Velho, inaeleza kwamba wengi waliugua: miguu na mikono ilivimba, na fizi zilikua juu ya meno kiasi cha kuwazuia kula. Maelezo hayo yanalingana na kile ambacho tabibu wa leo angekitambua kuwa kiseyeye kwa maana yake ya asili. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiba yake humalizika baada ya wiki kadhaa za chakula kisicho na matunda wala mboga mbichi.

Kutoka hapo merikebu zilikwenda kisiwa cha Msumbiji, kisha zikapita visiwa vya Kirimba. Tarehe 1 Aprili, katika visiwa hivyo, rubani aliyechukuliwa kisiwa cha Msumbiji alichapwa viboko kwa madai kwamba aliwadanganya Wareno kwa kuviita visiwa nchi kavu. Kisiwa kimojawapo kikapewa jina la Aliyechapwa. Tukio hilo linaonyesha hali ya mazungumzo baina ya wageni na wenyeji wa mwambao: yalipitia Kiarabu cha mkalimani, yakiandamana na shaka na vitisho. Maswali ya wageni ambayo shajara inayapa uzito yalihusu dhahabu, viungo na habari za Wakristo.

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu zilifika Mombasa. Mtawala wa mji alipeleka kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Shajara inasema kwamba wagonjwa wote walipata nafuu katika mji huo, na inatoa sababu: hewa ya mahali hapo ni njema sana. Tiba imo katika orodha ya zawadi, ilhali sifa imekwenda kwa hewa.

Jambo kama hilo lilijirudia wakati wa kurejea, kwa namna ya kinyume. Safari ya kutoka Malindi kwenda India, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1498 ikiwa na rubani mjuzi wa bahari hiyo, ilichukua chini ya mwezi mmoja, kwa kuwa pepo za msimu zilikuwa zikielekea huko. Safari ya kurudi ilianza mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika, na ilichukua takriban miezi mitatu. Fizi zilivimba tena na watu wengi wakafa, hata mabaharia wenye uwezo wa kufanya kazi wakawa wachache katika kila merikebu. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, da Gama alimtuma mtu pwani alete machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani sana. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikwisha kudhoofika mno, wakafa hapohapo. Mwandishi wa shajara akailaumu hali ya hewa ya nchi. Kabla ya kupita tena mwambao wa Cabo Delgado, merikebu ya São Rafael ilichomwa moto karibu na Tanga kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, wagonjwa wenyewe walikwisha kuwa na fununu ya tiba: miili yao ilitamani machungwa. Pili, maelezo rasmi ya waliojua kuandika yaliipuuza fununu hiyo kwa kuwa nadharia iliyokuwapo ilihusisha afya na hewa. Ushahidi ulikuwa katika kauli ya mgonjwa, na nadharia ilikuwa katika maandishi. Kilichosalia katika kumbukumbu kama sababu ni nadharia.

4.0 Ugunduzi wa kisababishi na kurudi kwa kosa

Mwaka 1747 daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi ya wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1753, lakini jeshi hilo lilisubiri hadi mwaka 1795 kuagiza maji ya limau yatolewe kwa mabaharia wake. Katika miaka ya 1928 hadi 1932, kazi ya Albert Szent-Györgyi na watafiti wengine ilikitenga na kukitambua kiini kinachotibu, yaani vitamini C. Kwa mara ya kwanza dalili ya fizi ilikuwa na maelezo kamili: chakula fulani, kemikali fulani, ugonjwa fulani.

Ushindi huo ulizaa mtego wake. Mwaka 1938 dawa ya fenitoini ilianza kutumika kutibu kifafa. Mwaka uliofuata daktari Kimball wa Marekani aliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake waliotumia dawa hiyo walikuwa na fizi zilizokua. Alipopima damu yao, aliona uhusiano baina ya ukuaji huo na kiwango kidogo cha vitamini C. Maelezo yakawa mepesi: huenda hiki ni kiseyeye kwa njia nyingine. Mwaka 1940 Merritt na Foster walilifuatilia jambo hilo na hawakuona kwamba fenitoini inaleta upungufu wa vitamini C. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba dawa yenyewe huathiri seli zinazojenga nyama ya ufizi, na kwamba ukoga wa meno huchochea ukuaji huo. Machungwa hayaondoi fizi zilizokua kwa fenitoini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 orodha ya dawa zenye athari hiyo ilirefuka. Iliingia siklosporini, inayotumiwa na waliopandikizwa viungo, na nifedipini, dawa ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Amlodipini, iliyo katika jamii moja na nifedipini na inayotumika sana leo kwa wagonjwa wa presha, nayo ilionekana kuwa na athari hiyo, ingawa kwa watu wachache zaidi. Kisababishi kimehama kutoka chomboni hadi kwenye kabati la dawa, na fizi zinaonekana karibu vilevile kwa jicho lisilozoea.

Jicho lililozoea huona tofauti. Fizi za kiseyeye huwa laini kama sifongo, zina rangi ya zambarau, na hutoa damu zikiguswa. Huandamana na maumivu ya miguu, madoa ya damu chini ya ngozi, uchovu, na vidonda vya zamani kufunguka upya. Fizi zilizokua kwa dawa kwa kawaida huanza miezi michache ya mwanzo ya matumizi, hasa kati ya meno ya mbele. Huwa ngumu, za waridi, na hazitoki damu kirahisi isipokuwa ukoga umezichokoza. Fizi za mjamzito huwa nyekundu, na kwa kawaida hupungua baada ya kujifungua. Fizi zinazovimba kwa haraka katika mtu aliyepauka, mwenye homa na michubuko isiyo na sababu, humlazimu mhudumu kuagiza kipimo cha damu kabla ya kushika kisu, kwa kuwa huenda ni saratani ya damu na kukata kunaweza kuleta hatari ya kutokwa damu kusikozuilika.

5.0 Uvimbe wa taya: Funzo kutoka Kampala

Mfano wa tatu unatoka katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya zake, na muda mfupi baadaye akaona mwingine wa namna hiyo. Kwa watoto kama hao dalili za mwanzo zinaweza kuwa meno yanayolegea na fizi zinazojaa, kabla uso haujaharibika umbo. Anayeridhika na maelezo ya meno mabovu huling'oa jino na kupoteza wiki ambazo mtoto hana za kupoteza.

Burkitt alichapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1958, kisha akafanya jambo linalowahusu wanaisimu kwa karibu: alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama uvimbe wa namna hiyo umeonekana. Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kutoka Uganda kuelekea kusini, kupitia Tanganyika, Nyasa na Msumbiji, akiuliza hospitali kwa hospitali. Majibu yalipowekwa kwenye ramani, yalionyesha kwamba ugonjwa hufuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yanayosumbuliwa na malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitambua kirusi katika seli za uvimbe huo. Vilevile ilidhihirika kwamba saratani hiyo hutibika kwa dawa kuliko kwa kisu.

Ugunduzi huo ulitokana na picha moja iliyo wazi na swali moja lililoeleweka kwa kila aliyeulizwa, zaidi ya kutokana na mashine za gharama kubwa. Swali lingekuwa na utata, ramani nayo ingekuwa na utata.

6.0 Kiseyeye hakijaondoka

Baada ya mifano hiyo ya dawa na saratani, ingekuwa kosa la pili kudhani kwamba kiseyeye ni habari ya merikebu za kale. Katika miaka ya 1980 kiliripotiwa katika kambi za wakimbizi za Somalia, Ethiopia na Sudan, ambako mgawo wa chakula ulitegemea nafaka na vyakula vikavu. Mwaka 2017–2018 kilizuka katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, miongoni mwa vijana wa Sudan Kusini. Walilalamikia maumivu ya miguu na ya kifua, na fizi zilizovimba. Walipopewa vitamini C walipata nafuu.

Habari hiyo ina uzito kwa Cabo Delgado. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu walihama makazi yao. Mvuvi aliyeacha chombo na mkulima aliyeacha mwembe na mnazi wake huishi kwa mgawo wa mchele, maharage na mafuta, na wengine hukaa hivyo kwa miezi. Katika watu hao hao wamo wenye kifafa wanaotegemea vidonge, wamo wazee wenye presha, wamo wajawazito, na wamo watoto wanaoishi katika ukanda wa malaria. Kwa hiyo visababishi vyote vilivyotajwa katika makala hii vinaweza kukutana katika foleni moja, mbele ya mhudumu mmoja, vikiwa na sura moja ya fizi zilizovimba.

7.0 Mahojiano kama kipimo

Mahali pasipo na maabara ya karibu, kipimo cha kwanza ni mazungumzo. Mhudumu anahitaji kujua mambo matano: uvimbe umeanza lini na umekwenda kasi gani, mgonjwa amekula nini katika miezi miwili iliyopita, anameza dawa gani kila siku na kwa ugonjwa gani, kama ni mwanamke, ana ujauzito, na mwili mzima unasemaje, kwa maana ya homa, michubuko, miguu na uzito. Baada ya hapo hutazama ukoga, hugusa fizi, hukagua meno yaliyolegea na taya. Panapobaki shaka, mgonjwa hupelekwa kwenye kipimo cha damu au kuchukuliwa kipande cha nyama.

Matunzo hufuata majibu hayo. Karibu kwa kila mgonjwa huanza kwa kuondoa ukoga na kumfundisha kusafisha kinywa, iwe kwa brashi au kwa mswaki wa mti ambao Waislamu wa mwambao wameuzoea. Mwenye kiseyeye hupewa vitamini C na matunda, na damu huanza kukoma baada ya siku chache. Mwenye fizi zilizokua kwa dawa huandikiwa barua kwa daktari wake, ili dawa nyingine ifikiriwe. Ukataji wa fizi huja baadaye, ukihitajika, na ukuaji unaweza kurudi ikiwa dawa na ukoga vimebaki. Lipo onyo moja lisilo na mjadala: mgonjwa wa kifafa asiambiwe aache vidonge vyake ghafla kwa sababu ya fizi. Degedege lisilokoma huua, na fizi zilizokua haziui.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na ugumu wake unaonekana katika maneno matatu ya kawaida kabisa.

La kwanza ni uvimbe. Katika Kiswahili neno hili hubeba kuvimba kwa muda kunakotokana na jeraha au uchafu, na pia hubeba donge linalokua, likiwemo la saratani. Mama anayesema mwanawe ana uvimbe wa ufizi anaweza kuwa anasema mojawapo ya mambo mawili yenye hatima tofauti.

La pili ni dawa. Mgonjwa akiulizwa kama anatumia dawa, huenda akajibu kwamba hatumii, kwa kuwa amelielewa swali kuwa linahusu dawa ya meno yaliyomleta. Vidonge vya presha anavyomeza kila asubuhi kwake ni sehemu ya chakula cha asubuhi. Swali hilo hilo likiulizwa hivi, "Mama, kuna vidonge unavyomeza kila siku, kwa presha au kwa jambo lolote lingine?", jibu hubadilika.

La tatu ni kifafa. Neno hili hubeba aibu, na familia nyingi hulificha hasa kwa binti anayetarajiwa kuolewa. Akiulizwa mbele ya watu, mgonjwa hukanusha, na kwa kukanusha huondoa kisababishi chenyewe katika jalada. Anayeuliza kwa faragha kuhusu kuanguka au kupoteza fahamu hupata asichokipata anayeuliza kwa jina la ugonjwa.

Mambo haya hayaonekani katika tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kireno. Mkalimani wa dharura, ambaye mara nyingi ni mtoto au jirani wa mgonjwa, hawezi kulaumiwa kwa kutoyajua. Na kuwapo kwa jirani huyo huweza kuwa ndiyo sababu ya mgonjwa kunyamaza.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba shajara ya mwaka 1498 iliona machungwa na kuisifu hewa. Kwamba tabibu wa mwaka 1939 aliona dawa na kufikiria vitamini. Na kwamba leo hatari ipo pande zote mbili: kumpa machungwa anayehitaji kubadilishiwa dawa, na kumsugua meno anayehitaji machungwa. Palipopatikana jibu sahihi, kama katika uchunguzi wa Burkitt, lilitanguliwa na swali lililoeleweka.

Kutokana na hoja hizo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, wanaistilahi watenganishe dhana tatu zinazochanganywa: kuvimba kwa fizi, kwa maana ya fizi zilizochokozwa na ukoga au maradhi, fizi kuota nyama, kwa maana ya ukuaji wa nyama yenyewe, ukiwemo ule wa dawa, na donge la ufizi, kwa maana ya uvimbe ulio mahali pamoja unaohitaji uchunguzi wa haraka. Maneno yote hayo yamo tayari vinywani mwa wasemaji. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka. Neno kiseyeye libaki na maana yake ya asili ya ukosefu wa vitamini C.

Pili, uandaliwe mwongozo mfupi wa maswali ya kinywa katika Kireno, Kiswahili, Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakhuwa, unaotafsiri kusudi la swali badala ya maneno yake, na ujaribiwe na wasemaji wenyewe kabla ya kuchapishwa. Tatu, wahudumu wa afya walio karibu na mpaka wa Ruvuma washirikiane katika matumizi ya mwongozo huo, kwa kuwa wagonjwa huvuka mpaka na vidonge vyao huvuka nao. Nne, uamuzi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika wa Agosti 2019 wa kukifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi usiishie kwenye kumbi za mikutano. Msumbiji na Tanzania zote ni wanachama wa Jumuiya hiyo, na zahanati ya Palma ni mahali pazuri pa kuupima uamuzi huo: kama mgonjwa anayefika hapo na fizi zilizovimba ataulizwa, kwa lugha anayoielewa, alichokula, anachomeza na tangu lini.